Ubao Usiofika

Katika mji wetu hatukuhesabu miaka. Tuliijua kwa upana wa korongo. Mama yangu alizaliwa lilipokuwa ufa tu, mstari mwembamba ardhini ambao kuku aliuvuka bila kusita. Mimi nilizaliwa lilipokuwa la hatua moja ya mtu mzima. Binti yangu Wande alizaliwa likiwa tayari lina giza ndani yake, na ukiinama ukingoni unasikia kitu kama pumzi ya mtu aliyelala. Kwa hiyo mtu akiniuliza umri wangu natanua mikono, naye anaelewa.

Upande wetu kulikuwa na kiwanda cha sabuni na nyumba za sisi tuliofanya kazi humo. Upande wa pili kulikuwa na soko. Unga ulikuwa huko, na mafuta ya taa, dawa, chumvi, khanga, kalamu za shule, kila kitu kinachomwezesha mtu kuamka kesho na kujitambua kuwa bado ni mtu. Huku tulilala na kupika sabuni. Maisha yenyewe yalikuwa huko. Nililifikiria sana jambo hili nikikoroga pipa la magadi, macho yakiniwasha: kwamba maisha ya mtu yanaweza kukaa mahali ambapo mwili wake haupo.

Mshahara wetu ulikuwa ubao.

Zamani Halmashauri ya mji ilikaa ikatoa sheria kwamba mwenye kiwanda yeyote hatamlipa mtu chini ya ubao mmoja, na urefu wa ubao huo ukaandikwa. Ukaitwa Kima. Siku walipoulaza juu ya korongo, uligusa kingo zote mbili na bado ukabaki na nafasi ya kukanyaga kila upande. Mama yangu alikuwepo. Alinisimulia jinsi wanawake walivyopita na vikapu, wakarudi, wakapita tena bila haja yoyote, kwa raha tu ya kupita. Tangu siku hiyo, kila mwisho wa mwezi, king'ora cha kiwanda kikilia, geti lilifunguliwa, nasi tukaruhusiwa kutembea juu ya ubao kwenda sokoni. Huo ndio uliokuwa ujira wetu.

Lakini ardhi ilikuwa inatembea. Kila masika korongo lilijinyoosha kidogo, kama mtu anayejigeuza usingizini, na ubao ukabaki vilevile, maana ulikuwa sheria, na sheria ikishaandikwa haioti. Ikaja siku ambayo ncha yake haikugusa tena upande wa pili. Mawe makubwa ya upande wetu yaliushikilia usianguke, lakini mwisho wake ukawa unaning'inia hewani. Watu waliofika hapo mwanzo walitazama chini, wakatazama mbele, wakatazama nyuma kwa wenzao waliokuwa wanangoja. Kisha wakaruka.

Na hapo ndipo tulipojua kwamba korongo halimpitishi mtu bure.

Mume wangu Malale ndiye aliyekuwa akiruka kwa ajili ya nyumba yetu. Mara ya kwanza alirudi na unga begani, akaketi kizingitini, akakunja midomo apige mluzi kama kawaida yake. Ikatoka hewa tupu. Akajaribu tena. "Nimeuacha kule," akasema, na tulicheka sana siku ile, kwa sababu mluzi ni kitu gani? Unga ulikuwepo. Baadaye akaacha harufu ya mvua. Baadaye akaacha ndoto. Akawa analala kama gogo na kuamka kama gogo. Baadaye akaacha jioni zote: kwake mchana ulikatika ghafla ukawa usiku, bila ile saa ya katikati ambayo mtu hukaa na watu wake na kuongea mambo yasiyo na maana. Ukimtazama alikuwa mzima, mikono yote, miguu yote. Lakini kile ambacho ubao haukufikia alikuwa anakijazia kwa vipande vyake mwenyewe.

Hakuwa peke yake. Jirani yetu mmoja, mchoma tanuru, aliruka siku moja akaacha jina lake. Akarudi na maharage na mafuta, akasimama mlangoni pake, na mkewe alipotaka kumwita hakupata cha kuita. Nasi tulijaribu, jina likateleza ulimini kama sabuni mbichi. Tangu hapo tukamwita Yule.

Mambo haya hayakuzungumzwa. Kila nyumba iliyaficha kama mtu anavyoficha kiraka, tukidhani kosa ni la miguu yetu. Kiwandani aliletwa bwana mmoja nadhifu kutufundisha kuruka vizuri zaidi: namna ya kubana tumbo, namna ya kubeba kidogo, namna ya kutotamani vitu vya rafu ya juu. Tulimsikiliza kwa makini. Tulikunja magoti pamoja naye uani. Sasa nikikumbuka nashangaa kwamba katika umati wote ule hakuna aliyeuliza kwa nini somo liwe la kuruka na lisiwe la ubao.

Mtu ni nini? Nilijiuliza nikikoroga. Je, ni kile kinachobaki baada ya kuondoa unga na mafuta na dawa? Na kama kila mwezi kinaondolewa kidogo, ni mwezi gani hasa tutasema: leo hayupo tena? Tutamjuaje, ikiwa bado anaitika akiitwa kazini?

Mwezi wenyewe ulifika.

Wande alikuwa anaumwa kifua. Akivuta pumzi, kitu kililia ndani kama mlango wenye bawaba kavu. Malale aliruka kuleta dawa, na alirudi nayo, chupa ndogo ya kahawia, pamoja na unga na chumvi. Akaviweka mezani kwa utaratibu.

"Nyamizi," akaniita, "dawa hii hapa."

Nikashtuka kabla sijajua nimeshtushwa na nini. Tangu binti yetu azaliwe, mume wangu hakuwa ameniita kwa jina langu. Aliniita mama Wande, akiwa na furaha, akiwa na hasira, hata usingizini.

Wande akatoka chumbani mbio, akamkumbatia mguu. Malale akamshika kichwa kwa upole, kama mtu anavyomshika mtoto wa jirani aliyekuja kuazima kiberiti.

"Hujambo, mtoto mzuri," akasema. Kisha akanigeukia. "Mtoto wa nani huyu?"

Wande alicheka, akadhani ni mchezo. "Wa kwako!" akasema.

"Wa kwangu?" Malale akachuchumaa, akamtazama usoni kwa muda mrefu, kwa bidii, kama mtu asiyejua kusoma anayetazama barua. Nikaona jasho linamtoka kwenye paji la uso. "Samahani," akamwambia mtoto. "Samahani sana."

Wande akaacha kucheka.

Mwezi ule uliofuata niliuishi kama mtu anayetembea ndani ya maji. Malale alikuwa mwema kwa Wande. Alimpa dawa, alimkatia kucha, alimwuliza anapenda nini. Lakini mtoto anajua. Alikuwa anamjibu kwa adabu, "ndiyo, baba," kama anavyomjibu mwalimu, kisha anakuja kulala ubavuni mwangu bila kusema. Na dawa ikaisha. Na ule mlango ndani ya kifua chake ukaanza kulia tena.

King'ora kilipolia, Malale akachukua kikapu.

"Leo naenda mimi," nikamwambia.

"Niache niende. Mimi nimeshazoea."

"Umebaki na nini cha kuacha huko, Malale?"

Akafikiri. Hakuwa mtu wa kujibu ovyo. Akanitazama kuanzia kwenye kilemba hadi kwenye viatu vyangu vya plastiki, na macho yake yakajaa maji.

"Wewe," akasema. "Nimebakiwa na wewe tu."

Nikamnyang'anya kikapu, nikatoka.

Mchana ulikuwa mweupe. Watu walikuwa wamejipanga juu ya ubao, kila mmoja na gunia lake tupu, wakisogea polepole, na mbele walisikika wakiruka: puu, puu, kama matunda yanayodondoka. Nilipanda. Sikuwahi kusimama juu ya Kima tangu nilipokuwa msichana. Ulikuwa ubao mzuri, mgumu, uliolainishwa na miguu ya watu wengi, na nilipokuwa natembea juu yake nilifikiri: hawa walioulaza hawakuwa waovu. Walitaka tufike. Ila waliipima safari ya siku ile wakadhani wamepima safari zote.

Aliyekuwa mbele yangu akaruka. Nikabaki mimi na ncha ya ubao. Ng'ambo, karibu kiasi cha kuona mikunjo ya uso wake, alikuwa amesimama mwanamke mwenye meza ya unga, maharage na dawa za kawaida. Nilimfahamu kwa sauti tangu utotoni. Bi Sinahila. Sauti yake ya kunadi unga ilikuwa inavuka hadi kwetu bila kuhitaji ubao.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Ruka, usitazame chini."

Nikatazama chini. Giza lilivuta pumzi. Nikajiuliza litachukua nini kwangu. Uso wa mama? Njia ya kurudi nyumbani? Na ghafla nikawaona, si kwa macho, lakini niliwaona: Malale wote wale niliokuwa naishi nao zamani, mwenye mluzi, mwenye ndoto, mwenye jioni, wamekaa chini pale gizani kimya kimya kama abiria waliosahauliwa, na miongoni mwao mmoja anayelijua jina la mtoto wake.

Miguu yangu ikakataa. Sikuwa nimepanga lolote. Watu baadaye walisema nilikuwa na mpango, kwamba niliota, kwamba nilitumwa. Hapana. Nilichoka tu kwa namna ambayo sikuwahi kuchoka kabla. Nikaketi. Niliketi mwishoni mwa ubao, miguu ikining'inia, kikapu mapajani.

"Dada, ruka basi," sauti ikasema nyuma yangu. "Tunachelewa."

"Siruki."

"Basi pisha."

"Hakuna pa kupishia."

Zogo likaanza. Walinitukana. Mmoja alisema nina mtoto mgonjwa na bado nafanya maringo, na maneno yale yalinichoma kwa sababu yalikuwa kweli. Kila pumzi niliyokaa pale, kulikuwa na pumzi nyingine nyumbani inayokwaruza. Nikaziba masikio. Kisha nikahisi ubao unatikisika, mtu anaketi kando yangu, bega kwa bega. Alikuwa Yule, mchoma tanuru.

"Na mimi siruki," akasema kwa sauti yake nzito. "Jina wamelichukua. Sitaki wachukue na aliyekuwa nalo."

Ng'ambo, Bi Sinahila alikuwa amekunja uso, akiweka kiganja juu ya macho. Akasogea hadi ukingoni kabisa.

"Wewe," akasema, akimwelekezea kidole Yule. "Wewe si Ndekeja? Ndekeja wa maharage ya soya, unayependa nikuongezee kidogo kila mara?"

Yule akageuka polepole. Midomo yake ikajaribu neno lile kama mtu anayejaribu jino jipya. "Ndekeja," akasema. Kisha akalisema tena, kwa nguvu, na nyuma yetu mtu akalirudia, na mwingine, likapita juu ya ubao mzima hadi getini, na kule mwisho nikasikia mwanamke anapiga kelele, ndipo nikajua limemfikia mkewe.

Kumbe lilikuwa huko ng'ambo muda wote. Hili nimelifikiria kuliko mengine yote. Tulidhani tulichokipoteza kimemezwa, na kumbe kingine kimebaki kwa watu waliotuona tukiwa wazima. Lakini tulikuwa tunaruka na kukimbia, tunanunua na kukimbia. Hakuna aliyewahi kukaa muda wa kutosha kutambuliwa.

Wakaanza kuketi. Hakuna aliyewaambia. Mmoja, wawili, kisha safu nzima, kila mtu na gunia lake mapajani, ubao ukipinda kidogo kwa uzito wetu lakini usivunjike.

Ndipo nikapata ujasiri wa kuomba. "Bi Sinahila, nina mtoto. Kifua. Nahitaji dawa ya chupa ya kahawia, nami sitaruka."

Akatazama meza yake, akatazama korongo. Nilidhani atasema hapana, na asingekosea. Yeye naye alikuwa na watu wa kulisha. Lakini akageuka, akaenda nyuma ya kibanda, akarudi na mwanzi mrefu wa kutundikia khanga. Akafunga chupa kwenye ncha kwa kitambaa chake cha kichwani, akapiga goti, akausukuma mwanzi juu ya giza. Ulikuja ukitetemeka. Nikanyoosha mkono. Ndekeja akanishika kiunoni nisianguke. Chupa ikagusa vidole vyangu.

"Miaka yote hii nauza hapa," alisema Bi Sinahila, akiwa bado ameushikilia mwanzi, "haijanijia akilini kunyoosha kitu kuja kwenu. Nilidhani kazi ni yenu, ya kufika."

Chupa ilipitishwa mkono kwa mkono juu ya ubao mpaka kwa Malale, aliyekuwa amesimama getini na Wande mgongoni.

Mwanzi ulikuwa bado umelala, ncha moja kwetu na nyingine kwao, wakati Bwana Fungameza alipofika. Yeye ndiye aliyekuwa Mpimaji wa Halmashauri, mtu mwembamba mwenye koti la kaki na futi ya kukunja mfukoni. Kila mwaka alikuja kupima Kima, na kila mwaka alitangaza kwamba umetimia. Walimpisha, akaja akikanyaga kwa uangalifu kati ya watu waliokaa, hadi kwangu.

"Mama, mnakaa juu ya mali ya Halmashauri."

"Shikamoo, mheshimiwa. Tunakaa juu ya mshahara wetu."

"Ubao huu nimeupima mwenyewe. Haukupungua hata unywele."

"Najua. Ubao haujapungua. Pima na hapo ulipoishia."

Hakutazama nilikoonyesha. Alitazama viatu vyake. "Kazi yangu ni ubao," akasema. "Korongo halimo kwenye kazi yangu."

"Bwana Fungameza," nikamwambia, na sikusema kwa ukali, maana niliona kitu usoni pake, "umewahi kuruka?"

Yeye na wakubwa wengine walivuka kwa daraja la chuma la juu kilimani, lenye geti na mlinzi. Lakini akanijibu kwa sauti ndogo, ya mtu asiyetaka wengi wasikie. "Baba yangu aliruka. Alipika sabuni hapa. Siku moja alirudi hajui kucheka. Tulikuwa tunamtekenya, mimi na ndugu zangu. Tulikuwa tunamtekenya mpaka tunalia sisi." Akapapasa futi mfukoni. "Nikilipima, mama, nitalazimika kusema. Na nikisema, sitarudi kuwa mtu aliyekuwa hajui."

"Hujawahi kuwa mtu huyo," nikasema.

Upepo ulipita. Halafu Bwana Fungameza akavua koti, akapiga magoti kwenye ncha ya ubao, akafungua futi yake juu ya mwanzi wa Bi Sinahila, kuanzia mahali ubao ulipoishia hadi mahali ardhi ilipoanza tena. Akapima. Akakunja futi, akaifungua tena akapima upya, kama mtu anayeomba akosee.

"Ni kiasi gani?" Ndekeja akauliza.

Hakutaja namba. Alijilaza. Alijilaza chali juu ya ubao, mbele yetu, akanyoosha mikono juu ya kichwa chake. "Kiasi hiki," akasema akitazama mawingu. "Mtu mzima aliyelala na kunyoosha mikono."

Hapo ndipo tulipoelewa sote kwa pamoja. Pengo lile halikuwa tupu. Kwa miaka yote lilikuwa linazibwa, kila mwisho wa mwezi, na kitu chenye urefu wa mtu.

Halmashauri ikakaa. Bwana Fungameza akasema mbele yao kile alichokiona, na wengine walimwuliza ni nani aliyemtuma kupima hewa. Mwenye kiwanda akasimama, mtu mpole kwa sura, akasema kwa masikitiko kwamba ubao ukirefushwa kiwanda kitaanguka, na sisi sote tutaangukiwa nacho. Aliamini alichosema, nadhani. Hofu yake nayo ilikuwa ya miaka mingi. Tulijibiwa turudi kazini tungoje.

Hatukurudi. Mapipa yalipoa. Magadi yaliganda juu kama ukoko wa uji. Tulikaa juu ya ubao kwa zamu, na mianzi ikaongezeka, kwa maana wachuuzi wengine walimwona Bi Sinahila, wakaleta yao. Ulituvukia unga wa kukorogea uji, si zaidi. Njaa ilikuwepo, sitasema haikuwepo. Kuna asubuhi Wande aliniambia tumbo lake linaongea na kifua chake, nami nilikaribia kusimama na kuruka.

Asubuhi hiyohiyo tulisikia nyundo upande wa soko.

Bi Sinahila alikuwa anabomoa meza yake. Aling'oa ubao wa kwanza, akausukuma mbele juu ya korongo, akauegemezea mawe. Mchuuzi wa mafuta akaleta mlango wa kibanda chake. Muuza khanga akaleta rafu. Walikuwa wanagombana, wanapigana vikumbo, mmoja anasema huu umepinda, mwingine anasema acha ubishi leta misumari.

"Bi Sinahila," nikapiga kelele, "utauzia wapi sasa?"

"Nitauza chini!" akanijibu, jasho likimtiririka. "Tangu mkae hapo sijauza kitu. Unga wangu umeingiwa na wadudu. Mtu asiyefika hanunui, mwanangu, na asiyeuza hali. Nilidhani korongo ni lenu peke yenu."

Ubao wao ulitoka kwao kuja kwetu, wa rangi zote, wenye madoa ya mafuta na alama za visu. Haukufika. Ulibaki upenyo wa kiganja. Lakini kiganja mtu anavuka bila kuacha kitu, na wa kwanza kuvuka alikuwa Ndekeja. Alisimama ng'ambo akijipapasa kifua. Akageuka akatutazama.

"Ndekeja!" akajitangaza, na watu wakapiga vigelegele pande zote mbili.

Hapo mwenye kiwanda alipoona kwamba tunaweza kula na mapipa yake bado ni baridi, akakubali. Sisemi aliona aibu. Alikubali, na kwangu ilitosha. Halmashauri ikaandika upya sheria ya Kima: kwamba hautapimwa tena kuanzia mwanzo wake, bali kuanzia ukingo wa pili kurudi nyuma, na kwamba kila masika yakiisha Mpimaji atapiga magoti na kupima ardhi kwanza, ubao baadaye. Mafundi wakaja na mbao mpya. Wachuuzi wakarudishiwa meza zao. Kiwanda hakikuanguka. Tulisikia tu kwamba mwenye kiwanda ameuza moja ya magari yake.

Ardhi bado inatembea. Nikilala naisikia. Sidhani kama itaacha kutembea kwa sababu sisi tumechoka, na kila masika patahitajika mtu wa kukaa chini na kukataa mpaka futi ifunguliwe. Sina hofu na hilo kama zamani. Nimeona jinsi watu wanavyoketi.

Malale hakurudishiwa kila kitu. Nilimngoja kwa siku nyingi, nikidhani siku moja ataamka na kumwita binti yake kwa ile sauti ya zamani. Hakuamka hivyo. Lakini jioni zilirudi. Siku moja ya mwisho wa mwezi alitoka kazini, akaoga, akaketi nje, na jua likashuka taratibu, na yeye alikuwepo muda wote likishuka. Wande, ambaye kifua chake kilikuwa kimetulia, akaenda akaketi karibu naye. Si karibu sana.

"Wande," Malale akasema. "Nisaidie. Niambie mimi nilikuwaje kwako."

Mtoto akafikiri. Akamwambia alikuwa anambeba mabegani. Akamwambia alikuwa anamega ukoko wa wali wakaula pamoja kwa siri. Malale alisikiliza, akitikisa kichwa kwa kila neno kama mtu anayepokea vyombo dhaifu. Na ndipo nikaona macho ya binti yangu yanabadilika, yanakuwa na ujanja mdogo ambao sikuwa nimeuona humo kwa muda mrefu.

"Na uliniahidi bata," akasema.

"Bata?"

"Ndiyo, baba. Mweupe."

"Wa kuchinja?"

"Hapana!" Wande akashtuka. "Wa kukaa naye tu."

Nilijua Malale anachokipima kichwani, maana na mimi nilikuwa nakipima: kitu ambacho hakiliwi, hakivaliwi, hakitibu mtu. Hatukuwahi kuwa na kitu kama hicho nyumbani kwetu. Akanigeukia.

"Mama Wande," akasema taratibu, akiokota neno moja moja, "ni kweli niliahidi?"

Hakuwahi kuahidi bata. Hatukuwahi hata kulitaja neno bata.

"Uliahidi," nikamwambia.

Akainuka, akavaa viatu, akamshika mtoto mkono. Wakaenda sokoni kabla wachuuzi hawajafunga, kwa miguu, wakibishana kuhusu jina la bata.